Nguruwe wa Pasaka

Nguruwe simli. Nasema mapema, mtu asije akaniandalia kwa ukarimu wake tukaishia kununiana. Mimi ni Mkristo wa kubatizwa tangu mchanga, kanisani sikosi, na wajukuu zangu hunicheka wakiniona nasukuma sahani: "Bibi, umesilimu lini?" Sijasilimu. Nyama ile kwangu ina harufu ya siku moja tu, Jumatatu ya Pasaka, kwenye uwanja wa misheni, na nikiisikia hata leo tumbo linapanda mpaka kooni. Kefule! Watu wanadhani namchukia mnyama. Mnyama hakunikosea kitu.

Tulikaa Kanyenye, pale Tabora, siku za mwishomwisho za Mwingereza. Mji ulikuwa wa Waislamu tangu enzi za misafara: Waarabu na watoto wao, watu wa pwani waliokuja na mizigo wakalowea, Wamanyema, na Wanyamwezi wengi waliosilimu mjini. Wakristo walikuwa wakulima wa vijijini na watu wa karibu na misheni. Mtaani kwetu tulikuwa nyumba moja, yetu. Hata kuku wetu tulimpeleka kwa Mwislamu atuchinjie, maana mgeni anaweza kupiga hodi wakati wowote, na kuku wa mkono wa baba kwao alikuwa kibudu. Hilo halikutuudhi. Ndivyo mji ulivyokaa, na sisi tulikaa nao hivyohivyo.

Kilichoniudhi mimi ni kopo. Jirani yetu, ambaye ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja, alikuwa mama mwenye sauti ya mnadani na macho ya kuona kila kinachoingia jikoni kwa mtu. Nilicheza na watoto wake kutwa. Kiu ikitukamata, wanawe wanachota mtungini kwa kata, mimi nateremshiwa kopo la maziwa lililokuwa limetundikwa msumarini nje, karibu na choo. "La wageni," alisema. Wageni gani? Nilikuwa mimi peke yangu. Lilikuwa na kutu pembeni na nzi walilizoea. Nilinywa humo mara moja, nikatapika njia nzima kurudi nyumbani, sikunywa tena kwake hata ulimi ukauke. Na mume wake, ambaye kila jioni alirudi kutoka kilabuni akiimba, pombe ya mtama inamtoka puani, alfajiri anasukutua kwa kishindo mtaa mzima usikie kuwa anatawadha, yeye hakutundikiwa kopo. Yeye alikuwa muumini. Mla nguruwe nilikuwa mimi, ambaye nguruwe nilikuwa sijamwona hata kwenye picha.

Basi ukiniuliza ilikuwaje sisi hatukuwa tunakula nguruwe, jibu ni Bibi, mama mzazi wa mama.

Mama alizaliwa Mwislamu. Bibi yeye aliingia Tabora mgongoni kwa mama yake, na msafara uliotoka Manyema, enzi ambazo watu walitembezwa kama mali. Mama yake akafia hapa mjini, na mtoto akalelewa na wanawake wa mtaa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hakujua kwao ni wapi. Hakuwa na shangazi wala mjomba wa kumtaja. Ukoo wake ulikuwa wale wanawake, na baada yao mabinti zao. Alipofiwa na mume alibaki katika tembe lake kuukuu, mitaa michache kutoka kwetu, na mtoto wake mmoja tu, mama yangu.

Huyo mmoja akapendwa na baba, Mnyamwezi wa kijijini, Mkristo, aliyekuja mjini kufanya kazi karakana ya reli. Lo! Mtaa uliwaka. Binti wa Kiislamu kuolewa na kafiri? Walimwambia Bibi amfukuze, amlaani, amsahau. Bibi akamwita baba, akamkalisha mkekani, akamwambia maneno ambayo mama alinisimulia mara nyingi hata nikayashika.

"Dini yako siijui na siitaki. Lakini umeshamchukua mwanangu, na mimi ninaye huyo huyo. Uzeeni nitakula kwa nani? Nakuomba jambo moja. Nguruwe asiingie chunguni kwa mwanangu, wala mdomo unaokula katika chungu hicho usimguse nguruwe. Ukiniapia hilo, nitakula mkononi mwa mwanangu mpaka nife. Ukilivunja, utakuwa umenitenga naye."

"Haki ya mama yangu mzazi," baba akasema, "sitamgusa."

Akaapa, na akakaa na kiapo chake miaka. Mtaa ukanuna, kisha ukatulia, maana Bibi mwenyewe alikula kwa mwanawe, na nani angekuwa na uchungu kuliko Bibi? Vidole vyake vilipoanza kupinda kwa ugonjwa wa baridi, akawa hawezi kushika mwiko, mama akawa ndiye mikono yake. Kila siku mimi na mama tulipeleka chakula. Ramadhani tulipeleka futari kabla ya magharibi. Nikibisha hodi, Bibi anapiga kelele kutoka ndani: "Mke mwenzangu huyo! Umekuja tena kuninyang'anya mume?" Nami najibu, "Shikamoo, Bibi. Nimekuja kumchukua." "Marahaba. Mchukue, yuko makaburini, na miguu yake ilikuwa inanuka." Tunacheka mpaka mama anatukemea. Nilimpenda Bibi yule.

Sasa kanisani. Baba alikuwa amewekwa benchi la nyuma, haruhusiwi mezani pa Bwana, kwa sababu aliishi na mke asiyebatizwa. Hilo lilimla. Mama naye hakulazimishwa na mtu, alianza mwenyewe kwenda mafundisho. Alipenda nyimbo, na alipenda sana habari ya yule mwanamke aliyekutwa kisimani akiteka maji, akaongea na Yesu kama mtu na jirani yake. Bibi aliposikia alinuna msimu mzima wa mvua. Mwishowe akasema, "Moyo wako siwezi kuufunika kwa kawa. Mimi neno langu ni chungu tu." Mama akaendelea. Ikafika mwaka ambao aliambiwa atabatizwa Pentekoste, na baba alinunua kitambaa cheupe kwa Mhindi, akakikunja chini ya mto.

Ndipo akaja mwalimu mpya wa dini. Alitoka mbali, huko ambako Wakristo ni wengi na nguruwe wanazurura uani kama kuku. Mtu mfupi, shingo nono, kitambaa cha kufutia jasho hakimtoki begani. Hakukaa hata mwezi akaanza kutusema. "Ninyi Wakristo wa mjini mnaishi kama wake wadogo. Mnawaogopa Waislamu. Kuku mnachinjiwa, kanzu mnaazima, nguruwe mnamkimbia. Mtu akiwaona atajuaje mmeokoka?" Na lililoniuma ni kwamba hakukosea sana. Tuliogopa. Lakini kuna mtu anakwambia unaogopa ili akusaidie, na kuna mtu anakwambia ili akutie kamba puani. Huyu alikuwa wa kamba.

Padri, Mzungu wa makamo, alikuwa safarini vigangoni. Mwalimu akatangaza: Jumatatu ya Pasaka atachinjwa nguruwe wa misheni, na Wakristo wote wa mjini watakula pamoja uwanjani, mchana kweupe. Na wale wa kubatizwa Pentekoste watakula mbele ya watu, ili ijulikane kwamba wameacha kweli walikotoka.

Mama alimgeukia baba tulipofika nyumbani. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Uliapa."

"Nitazungumza naye," baba akasema. "Ni mtu, atasikia."

Hakuzungumza naye. Kila jioni mama akiuliza, baba anasema kesho. Baba alikuwa mtu mwema, jamani, asiyegombana na mtu, na sijaona wema uliomgharimu mtu kama ule. Alitaka kila mtu aridhike naye, na aliyetaka zaidi kumridhisha siku zile alikuwa yule mwenye kitambaa begani.

Jumatatu ikafika. Tulivaa nguo safi, kana kwamba tunakwenda harusini. Nguruwe alilia. Vijana walimbana, kisu kikakosea mara ya kwanza, akalia tena, sauti ikavuka ua wa misheni ikaenda zake mjini ambako kila mtu aliisikia na kuelewa. Wakammwagia maji ya moto, wakamparura manyoya kwa majembe, ngozi ikabaki imeviavia, ya rangi ambayo mtu hapaswi kuiona kabla ya kula. Matumbo yakamwagwa palepale, mbwa wakayagombea kati ya miguu ya wanawake. Kisha mafuta yakaanza kuchemka. Harufu ile iliganda kwenye nywele. Wengi wetu pale tulikuwa hatujawahi kumla, tulizaliwa na kukulia katika mji usiomla, na niliona watu wazima wanageuka pembeni kana kwamba wanatazama ndege. Kila mmoja alimwogopa mwenzake.

Mwalimu alikula wa kwanza. Alichagua kipande chenye mafuta mengi, akakitafuna mdomo wazi, mafuta yakamchuruzika kidevuni mpaka kwenye kola. Siku hiyo kitambaa chake alikisahau. Anakula huku anatutazama mmoja mmoja, na vidole anavilamba. Kisha akaita: "Mwenzetu wa benchi la nyuma, njoo mbele."

Baba akasimama. Alimtazama mama. Mama akatikisa kichwa, kidogo tu, hivi. Mimi nilikuwa nimeshika khanga yake na niliona vizuri kabisa, na baba aliona.

Akaenda. Akapokea kipande, akatia mdomoni. Alitafuna, akatafuna, koo likawa linakataa naye analilazimisha, machozi yakamlengalenga. Akameza. Watu wakapiga makofi. Makofi! Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, anapigiwa makofi kwa sababu amemeza. Nilitamani ardhi ipasuke, si ituchukue sisi, iwachukue wao.

Baba akamgeukia mama, mdomo unang'aa. "Njoo tu, mama. Ni kipande kimoja. Tumalize mambo haya."

Hapo ndipo nilipomchukia baba. Sisemi nilikasirika, nasema nilimchukia. Alikuwa ameapa kwa mama yake, na sasa anamwita mke wake aje avunje alichovunja yeye, ili asiwe peke yake.

Mama alisogea mbele, nami nyuma yake. Mwalimu akachukua kipande kwa vidole vyake vilevile alivyokuwa akivilamba, akakipeleka mdomoni kwa mama, kama mtu anayelisha mgonjwa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, na watu wakacheka kicheko cha kumfurahisha mkubwa. Mama alifunga midomo. Jitu lile halikurudisha mkono. Likasukuma. Mafuta yakampaka mama kuanzia pua hadi kidevu.

Mama akajifuta kwa ncha ya khanga. Akasema taratibu, lakini uwanja ulikuwa kimya na kila mtu alisikia: "Mwalimu, mimi nilikuja kwa Yesu. Mambo ya nguruwe hukunifundisha. Kwani Yesu mwenyewe alimla?"

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwalimu alifungua mdomo, na ndani yake bado mlikuwa na nyama. Akasema, "Moyo wako uko msikitini. Pentekoste hii usije. Rudi mwakani ukiwa Mkristo."

"Haya," mama akasema. Akanishika mkono, tukatoka.

Baba alitufuata kwa mbali. Mama hakugeuka nyuma hata mara moja. Tulipoingia mtaani kwetu nikasikia baba anakohoa, kisha anahema, kisha, ashakum si matusi, akayatoa yote. Ungedhani njia nzima haikuwa na kichaka. Alikuja kutapika barazani kwa jirani, yule mwenye kopo, mbele ya mlango wake.

Jirani akachomoka ndani. "Astaghfirullahi! Mlangoni kwangu!" Angeweza kumwaga jivu akanyamaza, au akampa mtu maji, maana mgonjwa ni mgonjwa. Yeye aliinama. Aliinama, nawaambieni, akachungulia yale matapishi kama mtu anayechagua mchele. "Nyama gani hii, baba?"

Na baba, mwanamume asiyejua uongo pale uongo unapohitajika, akasema, "Nisamehe, jirani. Ni ya misheni."

Ptu! Kabla ya adhana ya magharibi mtaa mzima ulikuwa nayo, na kufikia isha imeshafika tembeni kwa Bibi. Asubuhi akaja mtoto wa watu ametumwa: Bibi anasema tusilete chakula kwanza, wanawake wa mtaa watamlisha kwa zamu.

Mama alikaa jikoni na chungu mbele yake, hakuwasha moto. Baba akaja akasimama mlangoni.

"Nilifanya kwa ajili yetu," akasema.

"Yetu na nani? Mimi sikula."

"Nilidhani..."

"Mchuma janga hula na wa kwao," mama akamkata. "Lakini mama yangu alikukosea nini?"

Siku hiyo akamtengea baba sahani yake na kikombe chake, akaviweka mbali na vyetu. Nilivitazama vile vyombo na nikasikia vibaya, maana nilijua vimetoka wapi. Mtaa ulikuwa umetufundisha, na sisi tumejifunza. Baba akawa anaviosha mwenyewe.

Mama hakukubali yaishie hapo. Alikwenda kwa mwalimu wa chuo, yule mzee aliyefundisha watoto Kurani upande wa sokoni, akamweleza yote mlangoni bila kuficha. Nilikuwepo. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Akasema, "Chungu kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Chako hakikuguswa. Kioshe hata hivyo, moyo utulie. Mumeo asukutue. Chakula chako ni halali, mama yako ale, nami nitapita nimwambie mwenyewe."

Mama alilia njia nzima kwa furaha. Alitoa vyombo vyote uani, vyungu, sufuria, mwiko, upawa, akavisugua kwa udongo hadi vikang'aa, akasuuza na kusuuza. Kisha akamwita baba. Akamkorogea udongo katika maji, akampa. Basi baba yangu, fundi wa reli, aliyeheshimiwa karakana nzima, akachutama uani anasukutua tope, anatema, mama anahesabu. Moja. Mbili. Tope linamshuka ndevuni, na nyuma ya ukuta jirani amepanda juu ya kinu anachungulia. Tatu. Nne. Baba hakulalamika. Alipomaliza ya saba akauliza, "Tayari?" kama mtoto anayeogeshwa. Nilishindwa kumtazama.

Padri naye akarudi safari. Akaambiwa habari ya nguruwe, akacheka. Alicheka kweli, akashika tumbo, akasema hata kwao Ulaya wapo wasiompenda nguruwe, na kwamba hakuna katekisimu inayosema lazima mtu amle. Akamkemea mwalimu kidogo, akatuma neno: mama aje Pentekoste kama ilivyopangwa. Kwa hiyo haikuhitajika. Kile kilio, yale mafuta, yale makofi, vyote havikuhitajika. Mama akamjibu aliyetumwa, "Mwambie Padri ahsante. Nimeshashiba." Ule ukawa mwisho wake wa kanisa.

Lakini kwa Bibi hakukata tamaa. Bibi alikuwa amepeleka jibu kwamba mwalimu wa chuo amefika na amemsikia, na kwamba tuje siku ya kwanza ya mfungo. Siku zile chache mama alitembea kama msichana. Mwezi ulipoandama alichagua viazi vitamu kimoja kimoja, akatwanga karanga mwenyewe, hakutaka za sokoni. Akapika uji wa mtama na pilipili manga, kama Bibi anavyoupenda. Alitia viazi katika bakuli la udongo jipya alilolinunua kwa ajili ya Bibi tu, akafunika kawa, tukaenda kabla jua halijazama.

Nilibisha hodi. Hakuna aliyeniita mke mwenza. "Piteni," Bibi akasema.

Alikuwa mkekani, amekonda. Khanga ilikuwa inamlegea mabegani. Kando yake palikuwa na kibakuli cha uji kilicholetwa na zamu ya siku hiyo, na zamu ya siku hiyo ilikuwa jirani yetu. Uji ulikuwa wa jana, utando umekunjamana juu, umechacha, na katika utando ule niliona fukusi wawili. Kwao mtu anayelishwa kwa zamu ni wa kupewa mabaki. Walimjali kwa kiasi hicho.

Mama akafunua kawa. Harufu ya karanga ikajaa tembe. Bibi alifumba macho akameza mate, nilimwona koo.

"Mama," mama akasema, "nimeosha kila kitu. Mara saba. Yeye naye nimemsukutulisha. Mwalimu wa chuo amesema..."

"Najua alichosema. Alikaa hapo ulipokaa, akanieleza. Chungu chako ni safi kuliko vya wote mtaani hapa. Na wewe hukula, mwanangu. Hilo nalo wameniambia, ingawa walilisema mwisho."

"Basi utafuturu nacho."

Bibi alinyoosha vile vidole vyake vilivyopinda, akagusa ukingo wa bakuli. Halafu akauliza, "Nani ataniosha?"

Mama hakuelewa. "Kukuosha nini?"

"Nikifa. Wamekuja baada ya mimi kukutumia neno uje. Wote, na jirani yako mbele. Wakasema, mwalimu ana kitabu chake na sisi tuna macho yetu. Ukila tena kwa mwanao, siku yako ikifika usitutarajie. Mimi sina mtu hapa, unajua. Mama yangu alipofia mji huu, waliomwosha ni mama zao hawa. Waliomsitiri mtoto wa njiani ni wao. Nisipooshwa na wao nitaoshwa na nani?"

"Nitakuosha mimi!" mama akapiga kelele. "Mimi si mwanao?"

"Mtu mmoja haoshi maiti. Na wewe hawatakuruhusu kuingia." Bibi alisema bila hasira, kama mtu aliyeshapiga hesabu zake zote. "Mumeo aliniapia, mwanangu. Nilimwambia akivunja itakuwa hivi. Si wewe."

Adhana ikalia. Bibi akasema bismillahi, akainua kile kibakuli kwa viganja vyake viwili. Akanywa. Nilitaka kumpokonya, niligeuka kumtazama mama ili anipe ruhusa, lakini mama alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi akanywa uji ule uliochacha, na utando wake, na wadudu wake, karanga zikinukia mbele yake, hadi akafika chini. Akafuta mdomo.

"Rudini nacho," akasema, "kabla hakijapoa."

Tulirudi. Baba alikuwa mlangoni, amewasha taa, amefagia ua, anatungoja. Akaliona bakuli mkononi mwa mama.

"Amekula?"

Mama aliingia ndani, akatandika mkeka, akaliweka bakuli la Bibi katikati, akalifunua. Akaleta maji ya kunawa, akammiminia baba mikononi kama anavyofanyiwa mgeni.

"Hiki ni cha mama," baba akasema.

"Mama hali tena kwangu. Kula wewe." Mama aliketi mbele yake. "Wewe hakuna chakula kinachokushinda."

Baba alinitazama mimi, nami sikumsaidia. Akamega kiazi, akala, akamega tena, na mama hakumwondolea macho mpaka bakuli likaisha.